Kulenga Mahali Patupu: Hesabu na Mazoezi ya Puli katika Ukanda wa Dhahabu

Kulenga katika mchezo wa puli ni kuupeleka mpira mmoja mahali ambapo kwa wakati huo hapana kitu, ili mpira mwingine, ambao fimbo hairuhusiwi kuugusa, usukumwe uelekee shimoni. Mpira unaogongwa na fimbo ni ule mweupe peke yake; mpira unaokusudiwa kuingia shimoni utaitwa katika sura hii mpira lengwa; na pembe iliyopo kati ya njia ya mpira mweupe kabla ya kugonga na njia ya mpira lengwa baada ya kugongwa itaitwa pembe ya kukata, kwa kuwa wachezaji wenyewe husema wanaukata mpira pale wasipougonga katikati. Mfumo wa kulenga ni utaratibu wowote unaomwezesha mchezaji kuipata pembe hiyo kwa njia ileile kila mara, badala ya kuitafuta upya kwa kukisia katika kila pigo.

Meza zinazozungumziwa hapa ni za Segese, kata ya Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga, katika ukanda ambao mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, na ambao kando ya migodi hiyo mikubwa yametapakaa maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, pamoja na makarasha ya kusagia mawe na mialo ya kuoshea dhahabu. Kipato cha vijana wengi wa huko hutokana na mgao wa mawe, ambao huja kwa vipindi na huacha katikati yake siku nyingi za kusubiri, na kila rashi inapozuka, yaani watu wanapokimbilia mahali dhahabu ilipogunduliwa, mama lishe, wauza vinywaji na wenye meza za puli huifuata. Meza yenyewe kwa kawaida ni fupi, ya kuingiza sarafu, yenye mashimo sita na kitambaa kilichokwisha kuchakaa upande wanaoanzia mchezo. Meza kama hizo ziko Kakola, Katoro na Geita mjini, na mchezo wenyewe umewahi kuwa na mashindano ya taifa yaliyoanzia ngazi ya mikoa kwa udhamini wa bia ya Safari Lager.

Viongozi wa serikali katika mikoa kadhaa, hasa katika miaka iliyofuata uchaguzi wa 2015, walitoa amri za kuzuia puli saa za kazi, na hoja yao kuhusu muda wa vijana ina uzito wake. Hata hivyo, mjadala huo uliacha picha kwamba mchezo wenyewe hauna cha kujifunza, kana kwamba anayeshinda ana mkono wa bahati na anayeshindwa hana. Picha hiyo ni potofu, na inawadhulumu vijana wenyewe, kwa sababu kinachofanyika mezani ni jiometri halisi, yenye msuguano na makosa yanayoweza kupimwa. Mwanahisabati Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis, ambaye jina lake wanafunzi wa jiografia hulikuta katika somo la pepo na mikondo ya bahari, aliiandikia biliadi, mchezo wa ukoo mmoja na puli, kitabu kizima mwaka 1835.

Msingi wa mifumo yote ya kulenga ni ukweli mmoja: mipira miwili inapogongana, mpira lengwa husukumwa kufuata mstari unaounganisha vitovu vya mipira hiyo kwa wakati wa mgusano. Kwa hiyo, ili mpira lengwa uende shimoni, kitovu cha mpira mweupe lazima kiwe, wakati wa kugonga, kwenye mstari uleule unaotoka shimoni na kupita katikati ya mpira lengwa, upande wa nyuma, kwa umbali unaolingana na kipenyo cha mpira mmoja. Mahali hapo patupu ndipo mchezaji hufikiria kwamba upo mpira mwingine, ambao walimu wa mchezo huuita mpira wa kivuli, na kazi yote ya kulenga huwa ni kuupeleka mpira mweupe ukakae palepale kivuli kilipo.

Jambo hili huonekana jepesi likielezwa, lakini ndilo linalowaangusha wanaoanza. Macho ya mwanafunzi huvutwa na alama ya mgusano, yaani ile sehemu ya mpira lengwa inayopaswa kuguswa, naye huielekezea fimbo moja kwa moja, akisahau kwamba mpira mweupe una unene wake na kwamba ubavu wake utaugusa mpira lengwa kabla kitovu chake hakijafika pale alipokusudia. Kosa hilo lina kipimo kinachojulikana: anayetaka kukata kwa pembe ya digrii 30, akilenga alama ya mgusano, hukata kwa takriban digrii 14 na nusu tu, na mpira lengwa uliokuwa umbali wa nusu mita kutoka shimoni hupita mbali na shimo hilo kwa karibu sentimita 14. Kijana anayekosa hivyo mara kwa mara huambiwa kuwa amepiga kwa nguvu mno au mkono wake umetetemeka, ilhali mkono ulitii kikamilifu na jicho ndilo lililotoa agizo lisilo sahihi.

Ukweli huu unaweza kuthibitishwa bila meza. Sarafu mbili za shilingi 200 zilazwe juu ya karatasi, ya kwanza ikiwakilisha mpira lengwa. Uchorwe mstari kutoka alama iliyochaguliwa kuwa shimo, upite katikati ya sarafu hiyo na kutokea nyuma yake. Kisha sarafu ya pili isogezwe mpaka iguse ya kwanza, huku kitovu chake kikiwa juu ya mstari. Hapo ndipo kivuli kilipo. Mwanafunzi akiitazama sarafu hiyo ya pili kutoka pande mbalimbali za karatasi, ataona kwamba kivuli hakihami hata mpira mweupe ungetokea wapi, kwa kuwa mahali pake huamuliwa na shimo na mpira lengwa pekee. Huo ni utambuzi wenye thamani kubwa, maana humfundisha kuisoma meza kuanzia shimoni kurudi kwenye fimbo, wakati wengi huanza kwenye fimbo na kwenda mbele.

Udhaifu wa mpira wa kivuli ni kwamba unadai mtu aone kisichoonekana, tena akiwa ameinama, kidevu kikiwa karibu na fimbo, mahali ambapo umbo la meza hubadilika machoni. Ndiyo maana mfumo wa pili, wa kugawa mpira kwa sehemu, umependwa na wengi. Katika mfumo huu mchezaji huangalia ni kiasi gani cha mpira lengwa kitafunikwa na mpira mweupe kwa jinsi inavyoonekana kutoka nyuma ya fimbo. Mpira mzima ukifunikwa, hakuna kukata. Robo tatu ikifunikwa, pembe ni takriban digrii 14 na nusu. Nusu ikifunikwa, pembe ni digrii 30 kamili. Robo ikifunikwa, pembe hufikia takriban digrii 49. Pigo la nusu mpira ndilo nguzo ya mfumo huu, kwa sababu lina alama inayoonekana wazi: kitovu cha mpira mweupe huelekezwa kwenye ukingo wa nje wa mpira lengwa, na ukingo ni kitu ambacho jicho hukipata bila kukiwazia. Mchezaji akishalijua pigo hilo moja kwa hakika, mapigo mengine huyapima kwa kulinganisha, kwamba hili ni nene kuliko nusu au jembamba kuliko nusu.

Mgawanyo huo wa sehemu nne hautoshi peke yake, na ni haki msomaji aelezwe sababu. Tuseme mipira ina kipenyo cha inchi 2, yaani karibu milimita 51, kama ilivyo katika meza nyingi ndogo za mtindo wa Kiingereza (ile ya mashindano ya mtindo wa Kimarekani ni milimita 57.15), na shimo liko umbali wa mita moja kutoka kwenye mpira lengwa, likiacha nafasi ya milimita 17 kila upande mpira unapoingia katikati. Nafasi hiyo ni sawa na kosa la digrii moja hivi. Katika pigo la nusu mpira, digrii moja hutokana na mpira mweupe kukosa mahali pake kwa chini ya milimita moja. Katika pigo la robo mpira hali huwa ngumu zaidi, maana mkengeuko uleule wa upande huzaa kosa kubwa zaidi la pembe, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini mapigo membamba huwashinda hata wachezaji wanaoheshimika katika baa zao. Kati ya nusu na robo kuna takriban digrii 19, na pembe nyingi ambazo mchezaji hukutana nazo ziko humo katikati. Sehemu nne zinampa vituo vya kuanzia, na nafasi kati ya kituo na kituo huijaza kwa mazoezi.

Pengo hilo ndilo lililozaa mifumo mingine inayoahidi kulifuta. Maarufu kuliko yote, na uliozua ubishi mkubwa kuliko yote, ni ule uliosambazwa na mwalimu Mmarekani Hal Houle, ambao huanza kwa mstari unaotoka kitovu cha mpira mweupe kwenda ukingo wa mpira lengwa, kisha mchezaji huiweka fimbo pembeni kidogo na kuizungusha kurudi katikati ya mpira mweupe kabla ya kupiga. Wafuasi wake hudai kwamba hatua hizo chache humfikisha mtu kwenye pembe yoyote. David Alciatore, mhandisi aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado na ambaye ameandika sana kuhusu fizikia ya mchezo huu, ameonyesha ugumu wa dai hilo: idadi ndogo ya mipangilio haiwezi kuzaa pembe zote zinazohitajika, kwa hiyo mchezaji anayefaulu kwa mfumo huo hufanya marekebisho madogo bila kujitambua. Hoja ya Alciatore ni sahihi kihesabu. Hata hivyo, wako wachezaji hodari walioapa kwamba mfumo huo uliwainua, na hakuna sababu ya kuwaona waongo, kwa maana mfumo uliwapa kitu ambacho hesabu haikikatai: uliwalazimisha kusimama mahali palepale, kutazama vitu vilevile kwa mpangilio uleule, na kuinama wakiwa wameshaamua.

Umuhimu wa utulivu huo umepimwa. Mwaka 2002 watafiti Mark Williams, Robert Singer na Shane Frehlich walichapisha matokeo ya kufuatilia macho ya wachezaji wa biliadi, wakaonyesha kwamba wachezaji stadi hukaza macho mahali pamoja kwa muda mrefu zaidi kabla ya kupiga kuliko wasio stadi, na kwamba muda huo hurefuka pigo linapokuwa gumu. Kutokana na hilo, mwanafunzi anashauriwa kugawa kazi yake katika nyakati mbili zisizochanganywa. Akiwa amesimama nyuma ya mpira mweupe, kwenye mstari, aone shimo, aone kivuli, aamue unene wa pigo. Akishainama, asiamue tena, bali akaze macho kwenye shabaha na kuuachia mkono kazi. Anayebadili mawazo akiwa ameinama ainuke aanze upya, hata kama watazamaji wanamhimiza. Tena ajue jicho lake kuu ni lipi, kwa kutengeneza duara kwa kidole gumba na cha shahada, kutazama kitu cha mbali kupitia duara hilo kwa macho yote mawili, kisha kufumba jicho moja baada ya jingine: jicho ambalo likibaki wazi kitu hakihami ndilo kuu, na kichwa kikiwekwa vibaya juu ya fimbo bila kulizingatia, mstari ulionyooka huonekana umepinda.

Mpaka hapa mipira imechukuliwa kana kwamba haina msuguano, na Segese hakuna meza ya namna hiyo. Mipira miwili inapogusana kwa pembe, ubavu wa mpira mweupe huusugua mpira lengwa na kuuvuta kidogo kuelekea upande ambao mpira mweupe ulikuwa unakwenda, hivyo mpira lengwa hutoka kwa pembe pungufu kuliko jiometri inavyosema. Mvuto huo ni mkubwa zaidi mpira mweupe unapofika kwa mwendo wa polepole huku ukiteleza bila kubingirika, na huongezeka mipira inapokuwa michafu. Katika kiangazi, vumbi la barabara na la makarasha huingia kila mahali, jasho na mafuta ya mikono hulishikiza kwenye mipira ambayo pengine haijafutwa kwa wiki nzima, na mvuto huo waweza kufikia digrii kadhaa. Digrii 3 tu, katika umbali wa mita moja, ni zaidi ya sentimita 5, kiasi cha kuukosesha mpira shimo lililolengwa bila kosa. Tiba yake ya kwanza ni kitambaa chenye unyevu na ruhusa ya mwenye meza. Ya pili ni kulenga pembamba kidogo kuliko kivuli kinavyoelekeza, hasa katika mapigo ya polepole yenye unene wa karibu nusu mpira.

Meza ya sarafu ina jambo jingine ambalo vitabu vingi vya ng'ambo hulipita. Baadhi ya meza hizo hutumia mpira mweupe mdogo kuliko mingine, ili mashine iutambue na kuurudisha unapotumbukia. Ukiwa na kipenyo cha inchi 1 na 7/8 dhidi ya mipira ya inchi 2, kitovu chake wakati wa mgusano hukaa karibu zaidi na mpira lengwa kwa zaidi ya milimita moja na nusu, na pigo la nusu mpira, lililosifiwa hapo juu kwa uhakika wake, hutoa takriban digrii 31 badala ya 30. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini msomaji akumbuke kwamba digrii moja ndiyo nafasi nzima iliyokuwepo katika mfano wa mita moja. Kuhusu meza isiyokaa sawa, dawa ya vipande vya mbao chini ya miguu inajulikana na kila mtu, wala haihitaji kuelezwa hapa.

Ugumu mkubwa wa kujifunza katika mazingira haya, hata hivyo, unatokana na utaratibu wa mchezo wenyewe. Aliyeshinda hubaki mezani na aliyeshindwa hutoka, hivyo anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayepiga mara chache zaidi. Na mpira ukishatumbukia hubaki tumboni mwa meza mpaka sarafu nyingine iingie, kwa hiyo pigo lililofaulu haliwezi kurudiwa ili lizoeleke. Wapo wanaoziba mashimo kwa matambara ili mipira isimezwe, na mwenye meza huliona jambo hilo kuwa wizi lisipoombewa ruhusa. Njia ya heshima ni kukubaliana naye malipo ya saa moja ambayo wateja hawajafika, nje ya muda ambao uongozi wa eneo umeukataza, na kufanya mazoezi ambayo hayahitaji shimo kabisa: mpira lengwa uwekwe katikati ya meza, kipande cha chaki kiwekwe juu ya ukingo kuwa shabaha, na mwanafunzi akate mpira uende ukagonge ukingo chini ya chaki. Kwa njia hiyo hakuna mpira unaomezwa, na kila kosa huonekana kwa kipimo chake, kwa kuwa umbali kati ya chaki na mahali mpira ulipogonga hubaki wazi machoni, wakati shimoni mpira ulioingia kwa bahati na ulioingia kwa usahihi hufanana.

Mpangilio wa mazoezi nao una uzito. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani John Shea na Robyn Morgan walilinganisha watu waliojifunza miondoko ya mkono kwa kurudia mmoja mpaka uishe na waliojifunza kwa kuchanganya, wakakuta kwamba waliochanganya walifanya vibaya zaidi wakati wa mazoezi lakini waliikumbuka miondoko hiyo vizuri zaidi baadaye. Mwanafunzi wa puli akianza na pigo la nusu mpira, alirudie mpaka alitambue. Lakini baada ya hapo achanganye nusu, robo tatu na robo, kushoto na kulia, karibu na mbali, akikubali kwamba saa hiyo itaonekana kuwa mbaya. Wengi huacha hapo, wakidhani mfumo umewakataa.

Katika hatua hiyo ndipo thamani halisi ya mfumo inapojitokeza, nayo ni tofauti na ile ambayo wauzaji wa mifumo huitangaza. Mfumo hauwezi kumhakikishia mtu kwamba mpira utaingia. Unachompa ni uwezo wa kusoma kosa. Asiye na mfumo akikosa, anajua amekosa tu, na pigo linalofuata huanza tena gizani. Mwenye mfumo aliyeamua nusu mpira akaona mpira lengwa umepita upande mnene, yaani haukukatwa vya kutosha, ana orodha fupi ya kuchunguza: labda aliona nusu ilhali meza ilitaka pembamba zaidi, labda fimbo haikufuata mstari, labda mipira ni michafu. Akirudia pigo lilelile kwa kasi zaidi na kosa likapungua, lawama inaelekea kwenye msuguano; kosa lisipobadilika, inaelekea kwenye jicho; likihama mara kushoto mara kulia, inaelekea kwenye mkono. Inafaa aandike matokeo katika daftari, upande wa kosa na unene wa pigo, kwa maana kumbukumbu ya mchezaji huhifadhi mapigo yaliyoshangiliwa na kuyatupa mengine.

Kijana aliyejifunza hivyo kwenye meza ya vumbi ya Segese, kisha akaenda kucheza Kahama mjini kwenye mipira iliyosafishwa na kitambaa kipya, atakuta katika michezo ya kwanza kwamba mapigo yake ya polepole yanapita upande mwembamba wa shimo, kwa kuwa bado anafidia mvuto ambao pale haupo. Wenyeji wa meza hiyo watadhani ni woga wa ugenini. Yeye atapunguza fidia, arudi kwenye kivuli chenyewe, na kwa mchezo wa tatu au wa nne mipira itakuwa imeanza kuingia.